Mbuzi wa Nyang'oro na turbo yangu ya bei chee

Jamani mi sina ugomvi na mbuzi. Nimekulia Dodoma, mbuzi choma namjua kuliko baadhi ya mashemeji zangu. Lakini kuna mbuzi mmoja sitamsahau, alikuwa kwenye buti la Probox, kafungwa miguu, kidevu kakilaza juu ya dumu, na Probox yenyewe imesheheni samaki wa Mtera mpaka kwenye keria, tunapanda mlima Nyang'oro kuelekea Iringa, mimi niko na Forester yangu, Subaru, ya turbo, ile yenye tundu kwenye boneti, nimekanyaga mafuta mpaka kidole gumba kinauma, na ile Probox ikanipita. Mbuzi akanitazama kupitia kioo cha nyuma. Hakupepesa hata jicho. Alikuwa anatafuna tu.

Af Probox haina turbo! Hapo ndo pananiuma. Huku kwetu tuko juu, Dodoma penyewe tu ni mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ya kawaida inahema kama mtu aliyepanda ghorofa ya tano na gunia. Turbo iliwekwa kwa ajili ya shida hizo hizo, moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, feni ya upande wa pili inashindilia hewa ndani, basi gari linavuta. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alilisajili hilo wazo tangu mwaka 1905. Miaka zaidi ya mia imepita, mi nimelipia teknolojia ya Mswisi, napitwa na perege.

Nikarudi mjini nimeshaamua, natafuta turbo kubwa. Ila ya bei chee.

Sasa ukitaka kujua kila Mtanzania ni fundi, we sema tu gari lako halivuti. Kinyozi wangu pale Majengo kasimamisha mashine katikati ya kichwa changu anielezee habari za VF, zile turbo za kampuni ya IHI ya Japani. Dogo wa bodaboda, ambaye maisha yake yote hajawahi kushika usukani wa gari, kaniambia "braza piga 16G, utakuja kunishukuru". Nikamuuliza 16G ni nini, akawasha pikipiki akaondoka.

Fundi wangu wa siku zote, kijana mmoja mwenye maneno mengi kuliko spana, yeye alitaka tuweke kubwa kabisa. Ile iliyokuja na gari ni TD04, ndogo, lakini inaamka mapema, injini ikifika raundi elfu mbili na nusu hivi kwa dakika ishaanza kusukuma. Hizo kubwa zinataka mpaka raundi 3,500 ndo zishike kweli kweli. Nikajiuliza, hizo raundi nazipatia wapi Dodoma hii? Natoka Nzuguni kuja mjini, tuta, tuta tena, kibao cha 50, trafiki kakaa chini ya mwarobaini na tochi yake, ukimvuka huyo unakuta mmesimamishwa wote pembeni kuna msafara wa mkubwa unapita, na sisi ndo makao makuu, misafara haiishi. Turbo ikija kuamka mi nishafika nyumbani navua viatu.

Kubwa tukaachana nayo. Nikaanza kuzunguka madukani na kupigia watu wa spea Dar. Zipo za mtumba kutoka Japani, zipo mpya za China ziko kwenye boksi, na ipo njia ya tatu, ya kubadilisha moyo tu, ile katriji ya katikati, nyumba, yani ganda lake la nje, inabaki ile ile ya kwako. Hii ya tatu ndo rahisi na ndo aliyonishauri mzee mmoja fundi wa Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, asiyeongea sana. Mi nikaidharau, kwa sababu mzee aliisema kwa sauti ndogo. Kitu kikisemwa kwa sauti ndogo utajuaje kama ni kizuri?

Za mtumba kuna kapimo kake. Unashika shafti kwa vidole, unaisukuma mbele na nyuma, huko inatakiwa isicheze kabisa, pembeni ikicheza kidogo sana sio kesi maana ndani hamna oili. Niliyoonyeshwa ilikuwa inacheza pande zote, inacheza mpaka nikataka kuitunza. Visu vya feni vimelika kama meno ya mla miwa, ina maana mwenye nayo wa kwanza alivua filta ili gari ipige ule mlio wa tshuuu, vumbi likawa linaingia kama lina funguo. Namwambia muuzaji mbona imelika, ananiambia "hiyo ni spoti, kaka".

Nyumbani nako. Hela yenyewe ilikuwa ya simtanki la lita 2,000, maana maji kwetu yanakuja kwa zamu kama mlinzi. Nikamweleza mama watoto kwa upole kabisa, na zabibu kilo mbili nimembebea. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Hiyo turbo inaingiza lita ngapi?"

Nikamwambia haiingizi maji, inaingiza hewa.

"Hewa unanunua?"

Nikaenda kulala.

Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema, turbo ni kama kuoa. Unapeleka mahari ya binti mmoja unakuta ukoo mzima umekaa kwenye mkeka unakusubiri. Hewa ikizidi inataka petroli izidi, petroli inataka nozeli kubwa, nozeli zinataka pampu, na kompyuta ya gari nayo lazima ipangwe upya, usipoipanga mchanganyiko unakosa petroli, injini inaanza kugonga na pistoni zinayeyuka. Fundi kila akitaja kitu anakunja kidole, alipomaliza mkono wa pili nikamwambia inatosha, nitafutie ya saizi ile ile niliyonayo, mpya, ya China, tuishie hapo.

Laki sita na nusu, pamoja na hozi mpya za silikoni nyekundu. Ile ya zamani fundi akasema ishakufa, akanipa elfu themanini eti kama chuma chakavu, "nakusaidia tu braza". Nikamshukuru! Yani nilimshukuru kabisa kwa mikono miwili.

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu niliishi. Gari lilivuta mpaka kisogo kinagonga siti. Nilikuwa natafuta Probox barabarani kama trafiki anavyotafuta Noah, nikiipita nachungulia nyuma kwanza kuna mbuzi au hamna.

Ijumaa ya wiki ya nne, jioni, natoka mjini, nikasikia mlio kama filimbi ya refa mwenye kikohozi, kutazama kwenye kioo naona nyuma hakuna Dodoma. Moshi wa bluu mtupu. Mama ntilie kabeba sufuria lake la maharage mbio huku ananitaja na ukoo wangu.

Gari likavutwa mpaka kwa yule mzee wa Chang'ombe. Hakuniuliza hata salamu ya pili, akafungua bolti moja ya njia ya oili, ndani yake akachomoa kichujio kadogo kama cha kuchujia uji wa mtoto, kimeziba tope la oili tupu.

"Hii mlibadilisha mlipofunga turbo?"

"Mzee, kwani hiyo ipo?"

Akanitazama kama yule mbuzi. Kumbe turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika moja, na yangu ilikuwa inazunguka kavu, haipati oili. Basi naona sasa ameinama kwenye buti, kaokota ile hozi ya zamani ya kwenda intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, hozi aliyoiacha fundi kijana, akaikunja. Imepasuka, ufa wa kupitisha kidole. Akaniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba hewa yote ya turbo ilikuwa inatokea hapo, turbo yenyewe ya zamani pengine haikuwa na tatizo lolote.

Nilikaa kwenye tairi kidogo.

Usiku ule ule napekua stetasi, naona fundi kijana katupia picha. TD04. "Used Japan, haijagusa vumbi la Tanzania, laki sita, maongezi yapo." Na pale ubavuni naona mkwaruzo wa bisibisi ambao niliuweka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikampigia kwa namba ya mama watoto, nikabana pua, nikamuuliza imetoka Japani sehemu gani. Bila aibu, "Osaka, boss". Saa hizi ameshashuka hadi laki nne na nusu, bado tunaongea.

Gari liko juu ya matofali. Juzi ikatokea msiba wa baba mdogo Iringa, na mimi usafiri sina, nikapanda mchomoko, zile gari ndogo za kubeba abiria. Probox. Siti ya nyuma tuko wanne, miguu iko juu ya ndoo ya samaki, na kisogoni kuna mbuzi ananipumulia, na niseme ukweli, anapumua vizuri kuliko turbo yangu ya laki sita na nusu. Tulipofika Nyang'oro, katikati ya mlima, mbele tukaona Subaru nyeupe, tundu kwenye boneti, inapanda inalia. Dereva wetu hata gia hakubadilisha, akaipita.

Nikageuka kumtazama yule kaka. Mbuzi naye kageuka.