Msiwacheke Wanaoingia Yamuna

Kila mwaka baada ya Diwali video zilezile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: wanawake wa Kihindi wamesimama ndani ya mto Yamuna, Delhi, povu jeupe limewazunguka hadi kiunoni, mikononi wameshika ungo, macho yote kwenye jua. Chini yake ni vicheko mfululizo. Dini gani hii ya kuoga povu? Hawana pua? Safari hii aliyeituma ni mtu ninayemheshimu, na nimeshindwa kunyamaza.

Wale wako kwenye Chhath, sikukuu ya Kihindu ya kulishukuru jua. Si sikukuu ya tiara za Januari, ile ambayo wengi wetu tumeiona kwa Wagujarati wa miji yetu. Hii ni ya watu wa Bihar, Jharkhand, mashariki mwa Uttar Pradesh na nyanda za chini za Nepal. Wengi wao ndio wanaobeba zege, kushona nguo viwandani na kuendesha riksho katika miji mikubwa ya India. Siku hizo zikikaribia, treni za kwenda Patna, mji mkuu wa Bihar, hujaa hadi watu wananing'inia milangoni. Anayekosa nafasi, au ruhusa ya bosi, hutafuta maji pale alipo. Kwa aliye Delhi, mto ni Yamuna.

Halafu mtu anawaita wachafu. Hapo ndipo ninapoungua, kwa sababu sijui sikukuu inayodai usafi kuliko hii. Siku ya kwanza nyumba inasafishwa, mtu anaoga, anakula mlo mmoja usio na kitunguu wala kitunguu saumu. Siku ya pili anafunga mpaka jioni, kisha anafungua kwa wali uliopikwa na maziwa na sukari guru. Baada ya hapo hakuna chakula wala tone la maji kwa saa 36 hivi. Siku ya tatu anashuka mtoni na kumtolea sadaka Surya, mungu wa jua, wakati jua linapozama. Usiku unapita, na alfajiri ya siku ya nne yumo tena majini akingoja jua lichomoze. Ndipo anapoonja maji. Vyakula vya sadaka hupikwa kando, mara nyingi kwenye jiko jipya la udongo. Huko Patna wanaofinyanga majiko hayo wengi ni wanawake wa Kiislamu. Kuna thekua, maandazi magumu ya unga wa ngano na sukari guru yaliyokaangwa kwa samli, na hakuna anayeruhusiwa kuonja kabla jua halijapewa lake.

Tazameni pia kilichomo ndani ya ungo. Miwa mizima. Mkungu wa ndizi, nazi, viazi vitamu, mabalungi, tangawizi mbichi na manjano vikiwa bado na majani yake. Ni mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba: mvua kubwa zimekwisha, mpunga unakaribia kuvunwa au umeshaanza, baridi inaingia na jua linapungua nguvu. Mkulima anakwenda kulishukuru kwa vitu vilevile lilivyomwoteshea, na anaanza na jua la kuchwa, jua lililokwisha kumaliza kazi yake. Mimi hilo limenigusa kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikiliza. Tena hakuna kuhani anayesimama katikati. Mama mwenyewe ndiye anayefunga, anayepika na anayetoa.

Ungo huo husukwa kwa mianzi, na kwa desturi wasukaji ni Dom, watu walioitwa najisi kwa karne nyingi. Bila kazi ya mikono yao sadaka haitimii. Wapo wanaosema kwamba Chhath huondoa matabaka. Pale mtoni, labda, kwa saa chache. Siku ya tano Dom anarudi kuwa Dom, na hilo sitalipaka sukari.

Ile sikukuu ya tiara, Makar Sankranti ya Januari 14 au 15, hufuata mwendo wa jua lenyewe, ndiyo maana tarehe yake karibu haihami. Kusini Watamil siku hizo huchemsha mchele mpya mpaka ufurike chunguni, ndiyo Pongal. Chhath ni ya jua lakini siku yake huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, siku ya sita tangu usiku wa Diwali usio na mwezi. Sisi wa pwani tusijifanye kushangaa. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi huko Unguja, nao haufuati mwezi mwandamo, unafuata hesabu ya jua tuliyoipokea kutoka Uajemi, na kuna wanaoingia baharini kuoga mwaka.

Sasa lile povu. Kaskazini mwa Delhi, pale Wazirabad, kuna banio linalozuia maji ya Yamuna ili jiji lipate ya kunywa. Mvua zikishakatika, maji masafi yanayopita chini ya banio ni kidogo mno. Kinachotiririka kuanzia hapo ni maji ya mifereji, mkubwa kabisa ukiwa ule wa Najafgarh: vinyesi vya mamilioni ya watu, sabuni za kufulia, maji ya viwanda. Kutoka Wazirabad hadi Okhla, banio jingine kusini mwa jiji, ni kilomita 22 tu, hata asilimia 2 ya urefu wa mto haifiki, lakini kipande hicho ndicho kinachotajwa kubeba karibu asilimia 80 ya uchafuzi wote wa Yamuna. Maji hayo yanapoporomoka kwenye banio la Okhla, sabuni na fosfeti, kemikali za sabuni za kufulia, zilizomo hupigwa mpaka zinatoa povu. Yule mama hakulileta kwa ungo wake. Amelikuta, akiwa na kiu ya siku nzima, na ameingia kwa sababu ameahidi.

Na ni yeye tunayemcheka. Mwenye kiwanda hana video. Mhandisi aliyeacha mtambo wa kusafisha maji taka usimame hana video. Mwanasiasa aliyeahidi kuusafisha mto hatupigiwi picha yake akiwa amesimama humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maji yale ni hatari. Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Delhi ilikataa kuruhusu ibada kwenye kingo za Yamuna kwa sababu ya afya za watu, na siwezi kusema majaji walikosea. Yapo mabwawa ya muda yanayoandaliwa mitaani, na anayekwenda huko anafanya busara. Nakubali pia kwamba baadhi ya waumini huacha mifuko ya plastiki ukingoni, na wanastahili kukemewa.

Lakini kumkataza mwenye sadaka ni kazi ya siku moja. Mitambo ya maji taka ijengwe na iliyopo ifanye kazi. Viwanda vinavyomwaga kwenye mifereji vifungwe. Mto uachiwe maji ya kutosha kupita chini ya Wazirabad. Dawa ya kuvunja povu wanayopulizia Okhla siku za Chhath zikikaribia haiondoi hata ndoo moja ya maji taka. Inaondoa tu kile ambacho kamera ingekiona.