Poti ya USB Ikigoma, Anza na Volti

Kuna tabia inanikera kwa wanaofanya kazi na bodi ndogo za Linux: poti ya USB ikigoma tu, wanakimbilia kufuta mfumo na kuuweka upya. Imeji mpya inaandikwa kwenye kadi, bodi inawashwa, flashi inachomekwa, na poti imegoma vilevile. Sishangai. Mara nyingi kerneli, yaani kiini cha Linux, haina kosa lolote, ila umeme hautoshi.

Kwa viwango vya USB, poti ya 2.0 hutoa hadi miliampea 500 kwa volti 5, na ya 3.0 hutoa 900. Kwenye bodi, poti hizo mara nyingi zinagawana chungu kimoja. Raspberry Pi 4 ina poti nne, lakini zote kwa pamoja zina kikomo cha ampea 1.2. Sasa chomeka diski ya nje ya kuzunguka, ambayo huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza: itawaka, italia kidogo, itazima, itaanza tena. Halafu mtu anatafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa!

Adapta nayo isiaminiwe kwa maandishi yake. Pima kwa mita kwenye bodi yenyewe, vifaa vyote vikiwa vimechomekwa, maana kebo nyembamba hula volti njiani. Raspberry Pi huanza kulalamika umeme ukishuka chini ya volti 4.63 hivi. Na kama kebo ni ya kuchajia tu, haina nyaya za data, itupe mbali na meza ya kazi.

Baada ya hapo ndipo ufungue `dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, uchomeke kifaa na usome. Binafsi, ukimya hunifundisha mengi kuliko makosa. Kifaa cha USB 2.0 hujitambulisha kwa kuvuta waya mmoja wa data kuelekea volti 3.3 kupitia resista ya kilo-omu 1.5: D+ kwa vifaa vingi, D- kwa vile vya polepole kama kibodi nyingi. Bila umeme hakivuti chochote. Kwa hiyo kama dmesg haijaandika hata mstari mmoja, kusakinisha draiva ya kifaa hicho ni kazi bure. Kerneli haijui hata kama umechomeka kitu.

Kosa -71 kwenye dmesg ni habari nyingine. Mazungumzo yameanza ila itifaki imevurugika; -110 ni kwamba jibu limechelewa mno. Badili kebo, jaribu habu yenye umeme wake. Ikiwa namba za mtengenezaji na za bidhaa zimesomeka vizuri na bado kifaa hakifanyi kazi, haya, sasa laumu draiva, nitakuunga mkono.

Ila kuna ukimya wa pili: `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inatoka tupu, hata habu ya mzizi, ile ya kidhibiti cha USB chenyewe, haipo. Hapo kidhibiti chenyewe hakijaamka, na hapo ndipo inafaa kufungua divaisi-trii, lile faili linaloieleza kerneli maunzi yaliyomo kwenye bodi. Tazama kama `status` ni `disabled` (kimezimwa), au kama `dr_mode` imewekwa `peripheral` (kifaa) wakati wewe unataka `host` (mwenyeji). Poti za OTG, zile zinazoweza kuwa mwenyeji au kifaa, ndizo korofi zaidi. Pini ya ID ikiunganishwa na graundi, poti inakuwa mwenyeji. Ikiachwa wazi, inakuwa kifaa. Adapta isiyounganisha pini hiyo itakuacha na kibodi iliyozima, na kila kitu kwenye programu kikionekana sawa.

Kama divaisi-trii haina tatizo, soma `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Jina la kidhibiti likiwemo humo, kuna kitu kinakisubirisha: aghalabu ni PHY (saketi ya kutuma na kupokea mawimbi ya USB), au regyuleta ya VBUS (laini ya volti 5 ya poti) ambayo draiva yake iliachwa wakati wa kujenga kerneli.