Mchoreni Ruaha, dubu mwacheni kwao

Nimeisoma habari hii ya vijana wa Mbeya wanaochora mabadiliko ya tabianchi ukutani, na mchoro mmoja ni wa dubu juu ya barafu. Kwa kazi ya brashi sina neno, mikono wanayo. Ila jamani, yule dubu mweupe anamhusu nini mama anayeuza viazi Uyole? Baridi tunayo, tena ya kutosha, lakini si ya dubu.

Sisi tuna Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto ule umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye dimbwi la tope hadi migongo inapasuka kwa jua. Hilo lichoreni. Na msiitupie tabianchi lawama zote: wekeni na mifereji ya mpunga kule Usangu, wekeni na ng'ombe waliojazana kwenye kinamasi cha Ihefu. Msanii akiyaficha hayo anatubembeleza tu.

Halafu pandeni Hifadhi ya Kitulo mvua zikikolea, maua yakiwa wazi. Chikanda kinachovushwa kwenda kuliwa Zambia ni viazi vya okidi za huko huko. Mtu akioneshwa shimo lililobaki baada ya kung'olewa ataelewa haraka kuliko kwenye semina. Igeleke nayo, jirani na Iringa mjini, ina michoro myekundu ya kale ya watu na wanyama mwambani, na bado inasomeka. Kaitazameni.

Na ule mlingoti, yaani mkaratusi, mliouchora pembeni ya chemchemi eti ndio uhai, ufuteni leo leo. Mti ule unavyofyonza maji, wakulima wa Rungwe watawacheka.