Siku niliyomuokoa mzungu asiyezama

Hii habari ya Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Zanzibar, nimeamua kuiandika mwenyewe maana pale maskani kijijini Nungwi kila mtu anaihadithia anavyotaka, mara nimempiga mzungu busu, mara polisi wamekuja. Hakuna polisi aliyekuja.

Mie nimekulia Nungwi, kwetu kupiga mbizi ni unabana pumzi unashuka unachokoa pweza wako unapanda, basi. Sasa nenda kozi ya kuzamia na mtungi wa hewa uone, kanuni ya kwanza kabisa usibane pumzi, kwa sababu mita 10 chini presha ni mara mbili ya huku juu, ukipanda umefunga mdomo ile hewa ya mapafuni inataka kutanuka mara mbili na wewe si puto. Nikamueleza ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, akaniangaliaaa, akasema "yaani mwanangu unalipa dola ufundishwe kuvuta pumzi?" Nikanywa chai yangu kimya.

Basi ngazi za PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, nimepanda zote, kuanzia Open Water ya wanaoanza mpaka Divemaster ya kuongoza wazamiaji, daivu (yaani mizamo) 100 wanazotaka kabla ya mtihani ninazo, imebaki kozi ya uinstrakta tu. Humo kuna zoezi la uokozi, namba 7, mtu kazimia juu ya maji hapumui. Unamfuata, unamuita, hajibu, unamgeuza uso juu, unafungua mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha, unamvua maski, unasikiliza pumzi, halafu unampulizia mara moja kila sekunde 5 huku unamvuta kwenda botini na kumvua vifaa njiani. Kwa mikono miwili hii hii aliyotupa Mungu.

Wa kuokolewa alikuwa jamaa wa Tanga, tuko naye kozini, mtu wa sifa, akikubali kuwa maiti basi anakuwa maiti haswa. Siku yenyewe bamvua, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, na mkondo wa Mnemba wakati wa bamvua mnaujua. Mwalimu kasimama kwenye boti ananiambia tu "yule wetisuti nyeusi, haya nenda!" Nikajirusha. Mawimbi yananichapa usoni, mbele naona mgongo mweusi unaelea kifudifudi. "Daiva, daiva, uko sawa?" Kimya. Mtungi siuoni, lakini si tumefundishwa mtu akipaniki anavua vifaa vyote, nikasema huyu Mtanga leo kaigiza mpaka hapo, mpeni maua yake.

Nikampindua, maski nikaing'oa, mtu akaanza kupiga kelele kwa Kijerumani.

Sasa mtu aliyepaniki nayo ipo kwenye silabasi, nikazunguka nyuma nikamkamata barabara, "tulia bro, tulia", nikaanza kumvuta, yeye anarusha mateke mie napiga mapezi, mkewe kwenye boti la pili anarekodi kila kitu. Kumbe masikini kavaa snokeli yake, kile kimrija cha kupumulia uso ukiwa majini, anamuangalia kasa. Nafika botini na Mjerumani wangu, mwalimu kajifunika uso na kofia.

Na Mtanga je? Mkondo ulishamchukua zamani, analala vile vile kifudifudi anapumulia regileta, kile kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi, anasubiri. Ngalawa ya wavuvi ikamkuta, wakamzoa, inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, na yeye kajilegeza kabisa, macho kafumba, anadhani ile ni mikono yangu na mhanga akijisaidia mimi nafeli. Eti hata wakati wanambeba akawa anajisemea kumbe huyu jamaa ana nguvu hivi. Kalala humo mpaka mzee mmoja akavua kilemba akaanza kumfunga kidevu, kama anavyofungwa maiti.

Hapo ndo akafungua jicho moja akauliza, "zoezi limekwisha?"

Wavuvi wawili wakajitosa baharini. Wa tatu alikuwa ameshika kafi.

Somo la huduma ya kwanza kwenye ratiba lilikuwa la kesho yake, ikabidi tulifanye jioni ile ile.