Kabla ya sindano, muulize mama: chanjo hai na mtoto mwenye kinga dhaifu

Jirani yangu hapa Wete alimpeleka mwanawe wa mwaka na nusu kliniki kwa chanjo ya pili ya surua, foleni ndefu, nesi keshavuta dawa kwenye bomba, ndo yule mama akafungua pindo la kanga akatoa vidonge vya predinisoloni, dawa inoshusha kinga ya mwili, akauliza, hivi anavyokunywa mwanangu kwa ajili ya figo havina neno? Nesi akaweka sindano chini. Mtoto alikuwa wiki ya tatu kwenye dozi kubwa, na ikifika miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, wiki 2 au zaidi, chanjo hai husubirishwa mpaka upite angalau mwezi 1 tangu aache dawa.

Tangu siku ile nawaza sana. Chanjo hai ndani mna kimelea chenyewe kilopunguzwa nguvu: BCG ya kifua kikuu, polio ya matone, rota ya kuharisha, surua na rubela. Mwili wenye kinga unajifunza yakaisha, lakini kwa mtoto asokuwa na kinga kabisa kimelea kile kile kinaweza kumsambaa mwilini, na mimi BCG ndo inonitia hofu zaidi manake hupigwa akizaliwa tu, hujajua bado kama ana kasoro yoyote.

Sasa wapo wanosema mtoto mgonjwa asiguswe. Nawaelewa uchungu wao ila sikubaliani nao hata kidogo. Utapiamlo, sikoseli, mafua, havizuii chanjo ya surua, na huyo wa utapiamlo ndo surua ikimpata humuua upesi. Hata mwenye VVU anachanjwa surua, anozuiwa ni yule kinga yake imeshuka vibaya, na BCG Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linaruhusu apewe akiwa kwenye dawa na hali yake imetulia.

Wanosema wachanjwe wote haraka nao wana haki yao, surua inataka kama asilimia 95 wawe na kinga ndo isisambae, na asoweza kuchanjwa anakingwa na wenzake. Tatizo foleni ikiwa ndefu hakuna anouliza, na maswali yenyewe mawili tu: mtoto anakunywa dawa gani, na je mama ulishawahi kupoteza mtoto mchanga kwa maradhi yasoeleweka? La pili linauma, liulizwe faragha, lakini visiwani kwetu watoto wa ami wanaoana na kasoro nyengine za kinga hurithiwa kwa wazazi wote wawili, akitajwa ndugu alokufa hivyo BCG ingoje mpaka daktari amtazame.

Yule mtoto ana kaka zake wawili walokuwa hawajamaliza surua. Mama yao kawapeleka wiki ile ile, manake wanalala nae chandarua kimoja.