Wa kitanda cha kati hana lake

Kuna mwandishi anayesema kulala kwenye treni na watu usiowajua ni kujitafutia kukesha. Mimi hofu iliniisha mapema. Katika chumba cha vitanda sita, vitatu vitatu kila upande, wa kati hana lake: mchana kitanda chake hukunjwa ukutani ili wenzake wakae kile cha chini, kwa hiyo hajinyooshi mpaka wote wakubali kulala. Saa tatu usiku tukawa tunapiga kura kama tulale! Mzee wa chini, ambaye hatukuwa tumesemezana naye, alinipokea viatu nilipopanda, akavisukuma uvunguni visije vikatembea na mtikisiko. Alikoroma hadi alfajiri (afadhali hata magurudumu). Nilipoamka alishashuka, viatu vyangu vimepangwa, visigino ukutani.