Kuwa wadogo si kuwa bure

Tarehe 14 Februari 1990, chombo cha anga cha Voyager 1 kikiwa kilomita bilioni 6 hivi kutoka nyumbani, kiliamriwa kigeuze kamera kitazame kilikotoka. Mwanaastronomia Carl Sagan alikuwa ameililia picha hiyo kwa miaka. Ilipofika, Dunia haikujaza hata pikseli moja. Ukiitazama kwenye simu utadhani ni vumbi la kioo, na kidole kitaenda chenyewe kulipangusa.

Tangu hapo picha hiyo imekuwa hoja: sisi ni nani hata tujione? Hesabu zinawaunga mkono wasemao hivyo. Jua letu ni nyota moja kati ya zaidi ya bilioni 100 katika galaksi yetu, ambayo mwanga huchukua miaka 100,000 hivi kuivuka. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Ukiufanya umri huo kuwa siku moja, binadamu wa aina yetu tumeingia zikiwa zimebaki sekunde mbili kabla ya usiku wa manane. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inavunja kiburi, na kiburi cha binadamu kimeua wengi.

Inapoteleza ni pale inaporuka kutoka “dogo” hadi “bure”. Mtoto wa siku tatu ana kilo tatu, na jabali la Kilimanjaro lina uzito usiopimika kwa mizani yoyote ya sokoni. Hakuna mzazi anayezilinganisha thamani zao kwa kilo. Kwa nini basi tuikubali mizani hiyo tunapotazama angani?

Upande wa pili husema ukubwa wetu uko kwenye akili, na mfano wake mzuri kuliko yote uko hapa kwetu, ingawa wengi wa pwani hawajawahi kuusikia. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisitufikie huku chini. Vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kilichokuwa moja ya ushahidi wa mwanzo wenye nguvu kwamba mashimo meusi, yenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Kiumbe cha sekunde mbili, akiwa juu ya jukwaa la chuma katikati ya mawimbi, amelinasa jambo lililotokea maelfu ya miaka kabla hajazaliwa. Mimi jambo hili hunisisimua kila ninapolikumbuka.

Hata hivyo, wanaosimama upande huu nao huzidisha. Husema sisi ndio macho ya ulimwengu, kana kwamba ulimwengu ulikuwa kipofu ukitungoja. Sayari zaidi ya 5,000 zimeshathibitishwa kuzunguka nyota nyingine, na hatujui kama kuna anayetazama kutoka huko. Na kama thamani ni kupima nyota, asiyejua darubini tumweke wapi?

Nionavyo, pande zote mbili zinatafuta thamani ndani ya kipimo, mmoja kwa kilomita, mwingine kwa akili. Wazee wa pwani walilitazama anga kwa njia nyingine. Walisema: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Kundi hilo la nyota walilipa jina linalotokana na kulima, kwa kuwa liliwaambia msimu.

Kilimia kiko umbali wa miaka ya mwanga 440 hivi. Mwanga wake wa usiku huu ulianza safari karibu na enzi ambazo Wareno walikuwa wakiijenga Fort Jesus pale Mombasa. Haukutumwa kwa yeyote. Ila mkulima akiuona juu ya minazi, anajua ni wakati wa kunoa jembe.